Chumvi Isizidi ya Machozi: Wema wa Kila Siku na Nguvu ya Mtoto wa Kawaida

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wazazi na viongozi wa mtaa

Hapa mbele namwona mama mwenye mtoto mgongoni, na kando yake binti mdogo amemshikia mkoba na chupa ya uji. Mama, usiwe na wasiwasi mtoto akilia. Humu wengi wetu ni wazazi. Na wewe binti, endelea kuishika chupa hiyo. Nitakurudia kabla hatujaagana.

Nimeombwa nizungumzie malezi. Mada hiyo ni bahari, nami nimechagua kuchota kata moja tu: nitamzungumzia mtoto wa kawaida. Namsema yule ambaye jina lake halisomwi siku ya zawadi, wala haliandikwi kwenye orodha ya watoro. Katika darasa la wanafunzi 60, yeye ni wa 31. Mpira anacheza, lakini hachaguliwi timu ya shule. Mzazi wake akija kuuliza maendeleo, mwalimu anajibu, "Hana tatizo," na mazungumzo yanaishia hapo. Nchi yetu imejaa watoto wa namna hiyo, na wengi tuliomo ukumbini humu tulikuwa hivyo.

Lengo langu jioni hii ni kuonyesha kwamba mtoto huyo huipata nguvu yake pale anapohitajiwa. Anakabidhiwa kazi ndogo, lakini ya kweli, ya kumtendea mtu wema, anaifanya, kisha anaona kwa macho yake kwamba imefaa. Nina hoja tano. Lakini nitaanza na kisa, kwa sababu hoja zote nilizoleta nilianza kuzitafuta baada ya kisa hicho.

Miaka mingi iliyopita nilifundisha darasa la nne katika shule moja ya kijijini. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Darasani mwangu alikuwamo mvulana mwenye kigugumizi. Nikiita mahudhurio na kufikia jina lake, neno "nipo" lilimkwama kooni mpaka darasa zima likaangua kicheko. Basi akajizoeza kunyoosha mkono bila kusema kitu. Nami, Mungu anisamehe, nikaona ni nafuu. Nikaacha hata kumuuliza maswali.

Mwaka huohuo kulikuwa na mtoto wa darasa la kwanza aliyefika shuleni akilia kila asubuhi, na siku nyingine hakufika kabisa. Kwao kulikuwa ng'ambo ya korongo, na mama yake, mwenye kichanga, hakuweza kumsindikiza. Siku moja nikiwa mwalimu wa zamu nilikumbuka kwamba yule mvulana wangu hupita njia hiyo. Nikamwita, nikamwambia: "Kesho uje naye." Sikusema zaidi ya hapo. Nilikuwa natafuta utulivu wa paredi tu.

Kesho yake wakaja. Korongoni kulikuwa na tope, kwa hiyo mkubwa alikuwa amevifunga viatu vya mdogo pamoja, akavitundika shingoni mwake. Walipofika chini ya mwembe alimkalisha mdogo juu ya mzizi, akamfuta miguu kwa jani, akamvisha viatu kimoja kimoja. Kiatu cha kushoto hakikuwa na kamba. Alikuwa amekitilia ukambaa wa mgomba. Hakuna aliyemwagiza hayo.

Baada ya majuma kadhaa nilikuwa nyuma yao njiani, hawajui kwamba nipo. Mkubwa alikuwa anasimulia habari za sungura na fisi. Alikuwa akikwama kama kawaida yake, na kila alipokwama mdogo alimshika kidole, akangoja. Hakuwa na haraka. Kwake yeye, hadithi ndivyo inavyosimuliwa. Neno likitoka, mdogo anauliza: "Eeh, halafu?"

Muhula wa pili, asubuhi moja, nilipofikia jina la yule mvulana, mkono haukunyooka. Nikangoja. Darasa nalo likangoja. "N-n-nipo, mwalimu." Kigugumizi kilikuwa palepale. Woga ndio uliokuwa umehama. Sasa niziandame hoja zangu.

Hoja ya kwanza: wema mtoto anao tayari; kazi yetu ni kutouzima.

Mwaka 2006 watafiti wawili waliokuwa mjini Leipzig, Ujerumani, Felix Warneken na Michael Tomasello, walichapisha matokeo ya jaribio jepesi. Waliwachukua watoto 24 wa miezi 18, umri wa kuanza tu kutembea vizuri. Mtu mzima asiyekuwa ndugu yao anaanika nguo, anaangusha kibanio, ananyoosha mkono akionekana hawezi kukifikia. Haombi msaada wala haahidi kitu. Watoto 22 kati ya hao 24 walisaidia angalau mara moja katika majaribio waliyofanyiwa, na mara nyingi waliinuka ndani ya sekunde chache tu.

Miaka miwili baadaye watafiti haohao walileta jambo linalotuhusu zaidi. Watoto wa miezi 20 waliokuwa wakipewa kidude cha kuchezea kila waliposaidia walipungukiwa na hamu ya kusaidia pale zawadi zilipokoma. Wale ambao hawakuwa wakipewa kitu waliendelea. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, na mara nyingi tunausoma usemi huo kama onyo kwamba binadamu hawana shukrani. Mimi nadhani unasema pia kwamba wema ukishatiwa bei unageuka kibarua, na kibarua kisicholipwa huachwa.

Naona mzee wangu hapa anatabasamu. Huenda anataka kuniambia kwamba mkono mtupu haulambwi. Kweli, mzee wangu, huo ndio mwenendo wa sokoni. Lakini mtoto anayemwokotea bibi fimbo yake hajafika sokoni. Sisi ndio tunaompeleka huko kabla ya wakati, tunapomwambia, "Ukimbeba mdogo wako nitakununulia soda."

Ipo pia njia nyingine ya kuuzima wema huo, na tunaitumia zaidi. Mtoto wa miaka miwili anashika ufagio wa chelewa mrefu kuliko yeye, anataka kufagia pamoja na mama. Tunamnyang'anya: "Toka, unanichafulia." Anapofikisha miaka kumi tunawalalamikia majirani kwamba ni mvivu. Ufagio ule tungemwachia dakika tano tu.

Hoja ya pili: wema hukua kwa kazi.

Katika miaka ya 1950 Beatrice na John Whiting, wanandoa wataalamu kutoka Marekani, waliongoza utafiti wa malezi katika jamii sita za dunia. Jamii moja ilikuwa Nyansongo, katika nchi ya Wagusii huko Kenya. Nyingine zilikuwa Mexico, Ufilipino, India, Okinawa na Marekani kwenyewe. Watafiti walikaa na watu, wakawafuatilia watoto 134 wa miaka 3 hadi 11 katika shughuli zao za kila siku, wakiandika nani kafanya nini na kumfanyia nani. Kitabu kilichokusanya matokeo hayo kilitoka mwaka 1975.

Watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwa wale walioonekana zaidi kuwajali wenzao: kuwapa chakula, kuwabembeleza, kuwakanya wasijidhuru. Kinyume chao, watoto wa jamii zenye shule nyingi na kazi chache za nyumbani walielekea zaidi kujitafutia msaada na kutaka wasikilizwe wao. Wanandoa hao hawakusema kwamba Wagusii wana damu tofauti. Walitazama kazi. Mtoto wa Nyansongo alichota maji, alichunga, na zaidi ya yote alilea mdogo wake wakati mama yuko shambani.

Tuitazame hiyo kazi ya ulezi kwa karibu. Mtoto mchanga hasemi. Analia tu, na mlezi wa miaka saba lazima ajue kilio hiki ni cha njaa, cha usingizi, au cha sisimizi aliyeingia ndani ya kanga. Akikosea, kilio hakikomi. Akipatia, kimya kinashuka, na yule mdogo anamtazama usoni. Hakuna mwalimu anayesahihisha kwa haraka na kwa haki namna hiyo. Mara mia kwa mwezi mtoto huyo anajiuliza, mwenzangu anahitaji nini? Mwisho wa mwaka swali hilo limekuwa tabia. Sisi tunaposimama paredini na kuhubiri upendo kwa dakika ishirini juani, tunashindana na shule hiyo, na hatuiwezi.

Hoja ya tatu: mvulana naye anahitaji kazi hii.

Huko Oyugis, magharibi mwa Kenya, mtafiti Carol Ember aliwachunguza wavulana wa Kijaluo. Zipo nyumba ambazo hazikuwa na binti wa umri wa kusaidia, na mama akawapa wavulana kazi zinazohesabiwa kuwa za wasichana: kulea, kuchota maji, kusenya kuni, kupika. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 1973, uliona kwamba wavulana hao walikuwa wapole kuliko wavulana wenzao, na ugomvi wao ulikuwa mdogo, hasa wale waliofanya kazi za ndani ya nyumba.

Kina baba wenzangu, tusiogope matokeo hayo. Hao walibaki wavulana, tena walicheza na wenzao. Kilichoongezeka ni kwamba mikono yao ilijua kushika kitu dhaifu bila kukivunja. Tunawasifu mabinti zetu kwa upole kana kwamba walizaliwa nao mfukoni, na tunawasamehe wavulana wetu ukali kana kwamba ni hali ya hewa. Yule mvulana wangu wa kigugumizi hakupata kufundishwa upole na mtu yeyote. Alipewa tu mtu wa kumvusha korongo.

Hoja ya nne: anayehitajiwa hupata nguvu.

Hii ndiyo hoja iliyonileta hapa. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, kulikuwa na familia nyingi za vibarua wa mashamba ya miwa. Mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa kisiwani humo mwaka 1955, wakaendelea nao hadi utu uzima. Theluthi moja hivi ya watoto hao walianza maisha katika mazingira magumu: ufukara, ugomvi, ulevi au maradhi nyumbani. Hesabu za kawaida zilisema hao watapotea. Lakini katika kila watatu wa kundi hilo la shida, mmoja alikua mtu mzima imara, mchapakazi, mwenye huruma.

Werner alitaka kujua kilichowashikilia. Alikuta mambo kadhaa: mtu mzima mmoja, pengine bibi au mwalimu, aliyewapenda bila masharti, imani ya dini, tabia ya asili inayovuta watu. Pamoja na hayo aliona kwamba wengi wao walikuwa wamepata utotoni kazi ya kuwasaidia wengine, kama kulea wadogo zao au kushika nyumba mzazi alipougua. Walijua mtu fulani anawategemea.

Sisi tuliosoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert tunamkumbuka Adili alivyomwokoa kiumbe dhaifu aliyekuwa akifukuzwa na mwenye nguvu, na jinsi kiumbe huyo, Huria binti wa jini, alivyokuja kumwokoa alipotoswa baharini na ndugu zake. Ni hadithi nzuri, na watoto waisome. Lakini watoto wetu wengi hawataokolewa na binti wa jini. Malipo wanayoyapata yamo ndani ya tendo lenyewe: mtoto anagundua kwamba mikono yake inaweza kubadilisha hali ya mtu. Aliyegundua hivyo hawezi tena kujiona si kitu.

Nitawapa mfano uliogusa maelfu ya shule. Daktari mmoja Mwingereza, David Morley, aliyewahi kufanya kazi Ilesha, Nigeria, alizoea kuona watoto wakiwabeba wadogo zao mgongoni. Mwaka 1978, dunia ikijiandaa kwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, 1979, yeye na wenzake mjini London walianzisha mpango wa Mtoto kwa Mtoto. Wazo lao lilikuwa hili: kama watoto ndio wanaoshinda na wadogo zao, basi watoto hao wafundishwe afya. Mpango ulienea nchi nyingi, zikiwamo za kwetu Afrika Mashariki.

Wakati ule kuharisha kulikuwa kunaua watoto kwa mamilioni kila mwaka, kwa sababu mwili hukaukiwa maji na chumvi. Dawa ya nyumbani ilikuwa jikoni: lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa. Lakini chumvi ikizidi ni hatari. Mtoto wa darasa la tano atajuaje? Alifundishwa hivi: tia chumvi kwanza, koroga, uonje kabla ya kutia sukari. Isizidi chumvi ya machozi.

Tafakarini kipimo hicho. Kila mtoto duniani anayajua machozi yake yana ladha gani. Mtoto asiyewahi kushika nafasi ya kwanza katika somo lolote anasimama jikoni, mdogo wake amelala mkekani macho yamedidimia, naye anaonja maji kwa ncha ya ulimi akikumbuka alivyolia mwenyewe. Akiridhika anatia sukari, anakaa chini, anamnywesha mdogo wake kijiko kwa kijiko. Mdogo akitapika, yeye anangoja kidogo, anaanza tena. Jioni mdogo anaomba uji. Mtoto huyo akienda shuleni kesho yake bado ni wa 31. Lakini yeye anajijua ni nani.

Leo, ndugu zangu, pakiti za chumvichumvi zipo zahanati, na mtoto anayeharisha apelekwe huko mapema. Nimewaletea kisa hicho kwa sababu ya kipimo chake. Wema wote wa mtoto huanzia hapo: hutumia maumivu anayoyajua kupima maumivu ya mwenzake.

Hoja ya tano: wema wa mtoto una mipaka, na mlinzi wa mipaka hiyo ni mtu mzima.

Nisipolisema hili nitakuwa nimewadanganya. Yuko binti anayelea wadogo watatu na kupika, na shule kwake ni siku za Jumatatu na Jumatano tu. Huyo hajapewa nafasi ya kutenda wema. Amebebeshwa mzigo wetu. Chumvi imezidi machozi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990, una Ibara ya 31 inayotaja wajibu wa mtoto kwa familia na jamii yake: kushikamanisha familia, kuheshimu wazazi na wazee, kuwasaidia wanapohitaji. Najivunia kwamba bara letu liliona haja ya kuandika hivyo. Lakini ibara hiyo inatanguliza masharti: kulingana na umri wa mtoto na uwezo wake. Anayenukuu wajibu akaruka masharti hayo ameusoma mkataba nusu.

Na mpaka wa pili: wema si kutii kila mtu. Mtoto tunayemfundisha kusaidia, tumfundishe pia kusema hapana, kukimbia na kutoa taarifa mtu mzima anapomtaka jambo baya kwa jina la msaada. Mtoto aliyekwisha kujua kwamba ana thamani huweza kusema hapana hiyo kwa sauti.

Ndugu Mwenyekiti, nafika ukingoni. Wapo watakaouliza, tufanye nini kuanzia kesho? Nina maombi matatu. Walimu, kila mmoja amtazame yule wa katikati ya darasa lake, ampe mtu mmoja wa kumsaidia: mgeni aliyehamia, mwenye macho dhaifu anayehitaji kusomewa ubaoni, mdogo anayeogopa njia. Mpeni kazi, kisha mkae pembeni. Wazazi, mwachieni mtoto ufagio, kijiko na kidumu kidogo cha maji kabla hajajua kuvitumia vizuri; na mwachieni mvulana kama mnavyomwachia msichana. Kazi ikiisha, msimpe soda. Mwonyesheni ilivyofaa: "Unaona, bibi ameweza kulala." Viongozi wa mtaa, mnapopanga siku ya usafi au kumtembelea mgonjwa, watoto nao wapate kazi inayolingana nao, na muwaite kwa majina yao.

Yule mvulana wa kigugumizi leo ni mtu mzima. Sina habari kwamba amekuwa tajiri au maarufu, na kwa leo sihitaji habari hizo. Ninachojua ni kwamba darasa la kwanza lililofuata lilipofika, niliwakuta chini ya mwembe watoto wadogo watatu, si mmoja, wamekaa juu ya mizizi wakivishwa viatu. Sikuwa nimemwagiza mtu kufanya hivyo. Na aliyekuwa akiwavisha pamoja na mvulana huyo, amepiga magoti upande wa pili, alikuwa yule mdogo wa mwaka uliotangulia.

Sasa, binti yangu wa hapa mbele, niliahidi nitakurudia. Muda wote nilipokuwa nasema umeishika chupa hiyo wima, na mara mbili nimekuona ukiigusisha shavuni kupima kama uji ungali na moto. Sisi wakubwa tumekuja kusikiliza habari za wema. Wewe umekuwa ukiufanya. Mtoto ameamka. Mpe mama chupa.